Kanda Ambako Hakufa Mtu

Kwa niaba ya Ofisi ya Takwimu za Uhai, Tawi la Tassia, nina fahari kuutangazia umma kwamba katika mwaka ule wa barakoa, kuanzia Machi hadi Septemba, katika eneo lote lililo chini yetu, yaani mitaa ya Tassia, Pipeline na Mukuru kwa Reuben hapa Nairobi, hakufa mtu hata mmoja. Narudia kwa faida ya walioketi nyuma: hata mmoja. Watu waliugua, hilo hatukatai. Walikohoa, wakabanwa kifua, wakapelekwa zahanati, wakafunikwa shuka mpaka usoni. Lakini kufa, kwa maana ya kitakwimu, hawakufa.

Wenye roho mbaya walisema tunaficha. Jameni! Tungeficha wapi, na ofisi yenyewe ina kabati moja, tena halifungi? Sisi tulikuwa na mwongozo. Niliuandika mimi, Mutunga, Naibu Mkuu wa Tawi, kwa mkono wangu huu, na Mkuu wangu, Bwana Griffins Lusweti, akaupenda mpaka akaninunulia chai na mandazi mawili. Ulikuwa na kifungu kimoja tu: marehemu atahesabiwa mahali alipozikwa.

Sasa jiulize, ni nani anayezikwa Tassia? Tumweke wapi, kwenye ngazi za ghorofa? Mtu wetu akifa, majirani hukaa kikao, hupatikana gari, na marehemu hupelekwa kwao. Mkamba huenda Kitui, Mluhya huenda Vihiga, na kila mtu huenda kwa babake. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi nilizunguka eneo zima nikihesabu makaburi, kuanzia kituo cha Pipeline mpaka kwenye reli, na kila mwisho wa mwezi nilipata sifuri. Ilikuwa kazi ya kisayansi na ilinimalizia viatu jozi mbili.

Kaunti moja ya magharibi, ambayo sitaitaja kwa heshima, iliandika barua ikalalamika kwamba wao hawawezi kuwahesabu watu waliofia Nairobi. Bwana Lusweti aliwajibu kwa mistari miwili: "Kaburi liko kwenu. Kifo ni chenu. Asanteni." Nao wakajibu kwamba hawakitaki. Mambo yakaishia hapo. Ukiniuliza marehemu hao walikuwa wapi wakati huo wote, nitakujibu kitaalamu kwamba walikuwa bado safarini.

Makao makuu walitufurahia sana. Kila tawi lililoripoti vifo vingi kupita kawaida lilipelekewa mashine mbili za oksijeni kwa ajili ya zahanati yake. Sisi, kwa utendaji bora, tulipelekewa cheti cha pongezi na saa ya ukutani. Ilikuwa saa nzuri, yenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Nilipanda mezani mwenyewe kuitundika.

Ijumaa moja, mwanzoni mwa Oktoba, aliingia Sista Mideva bila miadi. Huyu ndiye muuguzi mkuu wa zahanati ya mtaa, Mmaragoli mfupi mwenye sauti ya kuamsha ploti nzima ya wapangaji. Barakoa ilikuwa imemchora mistari mashavuni.

"Mutunga, nataka mashine," akasema.

"Karibu, Sista. Habari ya kazi?"

"Habari ya kazi ni kwamba nina mashine moja ya oksijeni na watu sita. Nawapokezanisha bomba. Nusu saa huyu, nusu saa yule, anayengoja anahema kama mtu amekimbia kutoka Makadara. Na mmoja wao ni Selpher."

Selpher ni mdogo wake wa mwisho, kibarua katika kiwanda cha mifuko huko Industrial Area. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na Mideva ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Nilisikitika. Sisi wa ofisini pia tuna moyo, ingawa hautajwi kwenye mwongozo. Nikamweleza kwa upole kwamba mashine hutolewa kulingana na vifo, na sisi hatuna vifo.

"Hata Selpher mwenyewe hajafa," nikamkumbusha. "Kwa hivyo hatuwezi kumtumia."

"Sitaki afe! Ndio maana niko hapa!"

"Basi hapo ndipo tunaposhindwa kukuhudumia, Sista. Mfumo wetu unahudumia waliokufa."

Alinitazama muda mrefu. Nilidhani amekubali, maana watu wakinyamaza mbele ya meza yangu huwa wamekubali. Kumbe alikuwa anatafuta pumzi ya kunishika mkono wa shati.

"Inuka, twende," akasema. "Kuna mtu nataka akuonyeshe kitu."

Tulikwenda kwa Kilonzo, kando ya barabara ya Outering. Kilonzo ni mchongaji. Zamani alichonga twiga na vifaru vya watalii, na katikati ya twiga na vifaru akawa anatengeneza misalaba. Hakuna mwili wa Mkristo unaoondoka mitaa hii bila msalaba wa mbao uliopakwa nyeupe, wenye jina na tarehe, ukishikwa na mtu wa familia kwenye kiti cha mbele cha gari. Mwaka ule watalii walipotea. Twiga walikuwa wamekaa pembeni na vumbi shingoni. Misalaba ilikuwa imesimama mpaka nje, barabarani.

"Niaje, mkubwa," Kilonzo akasema bila kuacha randa. "Umekuja kuchukua ama ni kuorder?"

"Nimekuja kikazi."

"Sawa. Hapa wote wanakuja kikazi siku hizi."

Mideva alimwomba anionyeshe misumari. Nikaonyeshwa ukuta. Mwaka wake wa kwanza, Kilonzo alikosea tarehe, akamwandikia bibi mmoja wa Mwingi kwamba alifariki akiwa na miaka kumi na tisa. Msalaba ule ulifika mpaka kaburini, ukarudi Nairobi juu ya basi pamoja na wajomba wanne wenye hasira. Tangu siku hiyo Kilonzo hakubali kuambiwa kwa mdomo. Mteja huandika mwenyewe kwenye karatasi: jina, kuzaliwa, kufa, na mtaa aliokuwa akiishi. Kazi ikiisha, karatasi hutobolewa kwenye msumari wa mwezi huo. Kila mwezi una msumari wake, kwa miaka tisa, na hajatupa hata karatasi moja, kwa sababu anawaogopa wajomba.

"Kabla ya huu ugonjwa," Mideva akamwuliza, "msumari mmoja ulikuwa na karatasi ngapi?"

"Kumi. Ikizidi sana kumi na mbili, ikikuwa mwezi poa, nane."

"Miaka yote?"

"Yote, Sista. Na hao ni wa hapa tu. Tassia, Pipe na Reuben. Wa mbali nawawekanga ule ukuta mwingine."

"Na mwaka huu?"

Kilonzo alishika msumari wa Julai. Karatasi zilikuwa zimejaa mpaka kichwani, na kando yake kulikuwa na msumari mwingine, mpya. "Hii ilikuwa hamsini na moja. Ilibidi niongezee."

Mideva alinigeukia. "Machi mpaka Septemba ni miezi saba. Mwaka wa kawaida tungekuwa na sabini. Hizi tumezihesabu mara mbili, ni mia mbili hamsini na moja. Toa."

Mimi kwa kawaida sitoi hesabu bila idhini ya maandishi, lakini akili ni kitu kigumu kuzuia. Ilikuwa mia moja themanini na moja.

"Hao ndio wa ziada, Mutunga. Sijali kama karatasi ya hospitali iliandikwa nimonia, au presha, au 'ghafla'. Sijali kama hakupimwa. Wengi hawakupimwa kwa sababu hatukuwa na vipimo. Nakuambia tu kwamba mwaka mwingine wowote, watu mia moja themanini na mmoja wa mitaa hii wangekuwa wanakunywa chai saa hii."

Nilijitetea kisayansi. Nilisema msumari si chombo rasmi cha serikali. Nilisema pia kwamba njia yake ina dosari, kwa mfano Waislamu hawachukui msalaba, kwa hivyo hawamo kabisa.

"Basi waongeze," akasema Mideva.

"Na wapo wanaonunua misalaba Gikomba."

"Waongeze na wao."

"Na wengine walifia njiani, wakapata msalaba hukohuko kwao."

"Unaona? Umeanza kuelewa."

Kila dosari niliyoipata, hesabu ilipanda. Nikaona heri niache kutafuta dosari.

Nilimpelekea Bwana Lusweti ripoti ya jambo hilo. Alikuwa mnene, mcheshi, na alikuwa na kipaji cha kulitazama jambo baya mpaka likawa zuri. Alisoma, akacheka, akafuta miwani.

"Mutunga, wewe unaona kifo. Mimi naona biashara ya huyu Kilonzo imekua. Andika: sekta ya useremala katika kanda imepanuka kwa asilimia mia mbili hamsini na tisa."

Niliandika. Makao makuu wakajibu kwa barua ya hongera, na Kilonzo akatajwa humo kama kielelezo cha ubunifu wa vijana. Ana miaka hamsini na minne.

Wiki ya mwisho ya Oktoba, Bwana Lusweti alikohoa kikao kizima. Alisema ni vumbi. Siku ya pili akasema ni baridi ya choo cha ofisi. Siku ya tatu hakusema kitu, maana kusema kulimshinda. Tulijaribu hospitali mbili kubwa, zote zimejaa, geti la hospitali ya tatu hata halikufunguliwa. Kwa kuwa alikuwa akiishi hapa Tassia, orofa ya tano, tukamleta zahanati ya mtaa, ile ya Sista Mideva.

Mashine ilikuwa ileile moja. Watu sasa walikuwa saba, naye akawa wa nane.

"Mimi ndiye Mkuu wa Tawi," akamwambia Mideva, neno moja kwa pumzi moja.

"Nakujua, mzee. Zamu yako ni saa tisa na nusu, baada ya Selpher."

Na kweli saa tisa na nusu ilipofika alimwekea bomba kwa mikono yake, akamsugua mgongo, akakaa naye nusu saa nzima akimwambia avute polepole. Hakumpunja hata dakika. Kisha akalihamisha kwa mwingine. Bwana Lusweti akanigeukia mimi. Jasho lilikuwa linamtiririka.

"Mutunga. Agiza mashine."

Sikuwahi kumdanganya mkubwa wangu. "Mkuu," nikamwambia, "hatujafikisha vifo."

Ninayakumbuka macho yake. Sitaki kuyaeleza.

Alifariki tarehe thelathini na moja Oktoba, saa mbili asubuhi. Nililia, na nasema wazi kwamba nililia, hata kama niko kwenye maandishi rasmi. Alikuwa bosi wangu kwa miaka kumi na mmoja. Tulimpeleka kwao Bungoma, na mimi ndiye niliyeketi mbele na msalaba wa Kilonzo mapajani, nikiushika usigonge dirisha.

Jumatatu nilirudi kazini. Nchi haiwezi kusimama. Niliingia ofisi ya Mkuu, nikakaa kwenye kile kiti kinachozunguka, nikazunguka mara moja tu, kwa majaribio, kisha nikampigia simu Bi Kawsar, ofisa wa utumishi kule makao makuu, nianzishe taratibu za kujaza nafasi.

"Nafasi gani?" akauliza.

"Ya Bwana Lusweti. Marehemu."

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta. "Hapa kwa mfumo yuko hai, ndugu yangu. Tena ana siku kumi na saba za likizo."

"Bi Kawsar, mimi mwenyewe nimemwaga mchanga kwenye kaburi lake!"

"Pole sana. Lakini tawi lenu halijawahi kuripoti kifo. Mfumo hauwezi kumwondoa mtu kutoka eneo ambalo watu hawafi. Labda huko alikozikwa wamripoti."

Nikaandika barua kwao Bungoma. Wakajibu haraka ajabu. Walisema aliyefia Nairobi si wao, na kwamba msimamo wao ulitokana na kuchoshwa na ofisi zinazowatupia marehemu wa Nairobi. Waliambatisha mfano wa barua hizo zilizowachosha. Ilikuwa na mistari miwili na saini ya Bwana Lusweti.

Hapo ndugu msomaji utaona uzito wa tatizo. Bosi wangu hakuwa hai na hakuwa amekufa. Mshahara wake ulikuwa unaingia, wangu ulikuwa uleule. Barua zote zilirudi zikitaka saini yake. Makao makuu walimwandikia mara mbili kumwonya kwa kutohudhuria mikutano.

Nikajikaza, nikaenda zahanati na fomu ya kifo, nakala tatu. Kila fomu ya eneo letu ilihitaji sahihi ya Sista Mideva kando ya yangu.

"Ni mmoja tu," nikamwambia. "Jambo la dharura la kiutawala."

Alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Selpher, mkono mmoja juu ya bega la mdogo wake, akiangalia saa ya mkononi. Selpher hakuwa na bomba wakati huo. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na mbavu zilikuwa zinapanda na kushuka chini ya kanga.

"Bwana Lusweti ni karatasi ya mia mbili tisini na moja," Mideva akasema bila kunitazama. "Nitamtia sahihi akifikiwa."

"Akifikiwa na nani?"

"Na wewe. Kuna foleni, Mutunga. Mbele yake kuna mia mbili na tisini. Walikufa kwanza."

Nilimweleza cheo cha marehemu. Nilimweleza hali ya nafasi ile, maendeleo ya kanda, hata nikamtajia mandazi. Alinijibu kwamba kwenye ukuta wa Kilonzo hakuna cheo.

Basi nilikaa siku tatu juu ya gogo la Kilonzo, fomu magotini, naye ananisomea karatasi moja moja kutoka kwenye misumari. Siku ya kwanza niliandika upesi, kwa kifupi, nikitaka kufika kwa bosi. Lakini fomu inataka jina kamili, umri, mtaa, kazi. Kinyozi wa Pipeline. Dereva wa lori. Mwalimu wa chekechea na mumewe, juma moja. Fundi wa viatu, ambaye nilikuwa nimemlaumu kwa kufunga kibanda na kiatu changu kimoja ndani. Kilonzo alikuwa akisoma kwa sauti ileile ya kawaida, na mimi mkono ukaanza kuwa mzito.

Siku ya pili akasoma: "Nthambi Mwongeli. Arobaini na tatu. Reuben. Kazi, kufagia ofisi."

"Ofisi gani?" nikauliza.

"Si yenu, mkubwa? Binti yake ndiye aliandika."

Nthambi ndiye aliyekuwa akifagia ofisi yetu na kunichemshia maji. Hakuonekana tangu Juni. Nilikuwa nimemwandikia barua tatu za onyo, ya mwisho nikamfuta kazi kwa kutoroka. Niliituma kwake kwa rejista, na nilikumbuka kwamba risiti ilirudi ikiwa na sahihi ya binti yake. Niliweka kalamu chini. Kilonzo akanipa maji kwa kikombe cha bati, kisha tukaendelea, kwa sababu kulikuwa na wengine.

Siku ya tatu nilimfikia Bwana Lusweti. Mideva alitia sahihi zote, mia mbili tisini na moja, amesimama, katikati ya zamu na zamu. Tukatoa themanini wa kawaida kwa miezi minane. Wakabaki mia mbili na kumi na mmoja wa ziada. Nikatuma.

Mashine mbili zilifika siku ya nne, ndani ya maboksi, na kijitabu cha maelezo cha Kichina. Selpher aliwekewa bomba lake, halikuhamishwa tena. Baada ya siku tisa alitoka akitembea, amemshikilia dada yake kiunoni. Mideva alimfikisha kwenye geti, akarudi ndani, akaketi chini sakafuni akalia kwa sauti yake yote, na ploti nzima ikasikia.

Kuhusu mimi, makao makuu walimwondoa Bwana Lusweti kwenye mfumo siku ileile, wakashtushwa sana na mia mbili na kumi na mmoja, wakataka kujua ni nani aliyeandika mwongozo uliokuwa ukiwapa sifuri. Nikajibu kwa masikitiko kwamba ni marehemu. Wakanirudishia nakala ya mwongozo. Chini yake kulikuwa na saini yangu, kubwa, yenye mkia mrefu. Kiti kinachozunguka akapewa Bi Kawsar. Mimi, kwa kuzingatia uzoefu wangu, niliteuliwa Karani wa Waliofariki, kituo changu kikiwa kibaraza cha zahanati, chini ya Sista Mideva. Nafika saa mbili kamili. Nikichelewa, mtaa mzima unajua.

Wiki jana Bi Kawsar alinipigia. Amekizoea kiti, sauti yake imekuwa nzito. Alisema hesabu za tawi lake haziwapendezi wakubwa, na akaomba kwa hekima tu nipunguze watu kama kumi hivi, mwezi upendeze.

"Hakuna shida, mkubwa," nikamwambia. "Mimi ni mtumishi wa umma." Nikafungua daftari, nikashika kalamu. "Nitajie majina kumi, niwapigie simu jamaa zao leo hii, waje kuwachukua watu wao wakiwa hai."

Akakata simu. Bado nasubiri majina.